Saa nane usiku isigeuke saa mbili: tafsiri za ombi la hifadhi Marekani

Ombi la hifadhi ya ukimbizi nchini Marekani, fomu I-589, husomwa mstari kwa mstari. Afisa ana fomu yako, maelezo yako ya maandishi na karatasi za polisi au hospitali, kisha anakusikiliza ukijieleza. Vikigongana, anaanza kujiuliza kama unaaminika. Migongano mingi inayofika mezani kwetu sisi watafsiri imezaliwa kwenye tafsiri tu.

Chukua sentensi hii: "Walivunja mlango saa nane usiku." Mtafsiri asiyejua saa zetu, au programu ya simu, ataandika 8 p.m. Ripoti ya polisi inasema 02:00. Tayari umepishana na ushahidi wako mwenyewe kwa saa sita. Watu wa Bukavu au Lubumbashi nao mara nyingi hutaja saa kwa Kifaransa, ndiyo maana tunauliza kabla ya kuandika: giza lilikuwa limeingia tu, au majogoo walikaribia kuwika?

Tarehe nazo zina mtego. 03/04/2021 kwa Nairobi ni tarehe 3 Aprili. Kwa Mmarekani ni Machi 4. Sisi huandika jina la mwezi kwa herufi, kila mahali.

Halafu ukoo. "Baba mdogo" akitafsiriwa kuwa baba, na fomu inasema baba alifariki zamani, afisa atauliza nani basi alikuficha mwaka jana. Neno "ndugu" ndilo baya zaidi: laweza kuwa wa tumbo moja, binamu, au mtu wa kijiji kimoja. Tutakuuliza hadi uchoke.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kila karatasi isiyo ya Kiingereza iambatane na tafsiri kamili, pamoja na tamko la mtafsiri kwamba tafsiri ni kamili na sahihi na kwamba anazimudu lugha hizo, likiwa na jina, saini, anwani na tarehe. Kamili maana yake hata mihuri na maandishi ya nyuma. Palipofifia tunaandika "haisomeki", hatubahatishi. Muhuri wa notari hauhitajiki, usiulipie. Na wanaotoka Kongo au Burundi wazingatie: "notaire" wa kwenu ni mtu wa sheria, lakini notari wa Marekani kazi yake ni kushuhudia saini. Hana ruhusa ya kukushauri uombe nini. Sisi pia hatuna. Ushauri ni wa wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria.

Muda: ombi liwasilishwe ndani ya mwaka 1 tangu ulipoingia Marekani mara ya mwisho. Kuna misamaha, kwa mfano ugonjwa mzito au hali ya nchini kwako kubadilika, ila lazima uithibitishe. Usisubiri hadi miezi kumi na moja ipite. Cheti kinachotafutwa Uvira hakifiki kwa wiki moja, na ushahidi wa ziada unaweza kufuata baadaye.

Hifadhi si mlango pekee. Mke anayeteswa na mume ambaye ni raia au mwenye green card anaweza kujiombea mwenyewe kwa fomu I-360, bila mume kuarifiwa. Aliyesafirishwa kwa ulaghai akatumikishwa aulizie viza ya T. Aliyeumizwa na uhalifu fulani akasaidia polisi aulizie viza ya U, lakini aangalie saini ya polisi kwenye nyongeza B, karatasi ya kuthibitisha kwamba alisaidia: ikipita miezi 6 kabla ya kuwasilisha, inabidi isainiwe upya.

Kwenye usaili wa ofisi ya hifadhi, asiyezungumza Kiingereza huja na mkalimani wake. Awe na miaka 18 au zaidi, asiwe wakili wako wala shahidi wako. Mchague anayekielewa Kiswahili chako wewe.

Ukituletea kazi, piga picha pande zote mbili za kila karatasi, hata upande unaoonekana mtupu. Karatasi halisi baki nazo.