Barua ya kufunga muhula: Mtoto anayeelewa sana, tumlee vipi nyumbani?

Ofisi ya Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi,
Muheza, Tanga.

Kwa wazazi na walezi wa watoto wa darasa la awali, la kwanza na la pili

YAH: KUFUNGA MUHULA WA KWANZA NA MALEZI YA LUGHA WAKATI WA LIKIZO

Ndugu wazazi na walezi,

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Tunafunga muhula salama, na ripoti za watoto mtakabidhiwa na walimu wa madarasa. Mkizipokea msiangalie alama peke yake, someni pia maoni ya mwalimu pale chini. Muhula huu sentensi moja imejirudia kwenye ripoti nyingi za darasa la awali: “Anaelewa vizuri anachosikia.” Baadhi yenu mliokwishaambiwa hivyo na walimu mlikuja ofisini kuniuliza mfanye nini na mtoto wa namna hiyo, na wawili watatu mliomba arushwe darasa. Barua hii ni jibu langu kwenu nyote.

Niwaeleze kwanza mwalimu anaona nini hata anaandika maneno hayo. Siku moja niliketi nyuma ya darasa la awali wakati mwalimu akisimulia hadithi ya kisima: wanyama wote wamechimba, sungura amekataa kazi, na usiku anakuja kuiba maji. Kobe anapakwa ulimbo mgongoni, anazama kisimani na kutulia. Mwalimu akauliza, “Kwa nini kobe hakusema kitu?” Wengi wakajibu kuwa alikuwa amelala, au alikuwa anaogopa. Mmoja, ambaye hata jina lake bado hajui kuliandika, akasema, “Alitaka sungura adhani ni jiwe, akanyage.” Jibu hilo mwalimu hakulitaja popote. Mtoto alilipata kwa kuunganisha ulimbo, giza, ukimya wa kobe na tamaa ya sungura. Huo ndio uelewa wa lugha. Haupimwi kwa wingi wa maneno ya mtoto: tunao wakimya wanaoelewa kila kitu, na tunao wasemaji hodari ambao ukiwaagiza mambo mawili wanarudi na moja.

Kwa nini tunaujali kiasi hiki? Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishika irabu na silabi, ba be bi bo bu, baada ya muda si mrefu anaweza kutamka karibu kila neno unalomwekea mbele. Nyumbani mnafurahi, mnasema sasa anajua kusoma. Halafu anafika darasa la tatu, anasoma aya nzima kwa sauti nzuri bila kukwama, ukimuuliza aya imesema nini anakutazama tu. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliliweka jambo hili kama hesabu: kusoma ni kutambua maneno yaliyoandikwa, mara kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha, kwa hiyo upande mmoja ukiwa sifuri jibu ni sifuri. Upande wa kutambua maneno tuachieni sisi. Ndiyo kazi ya KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na walimu wetu wanaiweza. Upande wa pili shule haitaujaza peke yake, maana mwalimu mmoja mbele ya darasa lililojaa hawezi kukaa na kila mtoto wakazungumza. Ninyi mnaweza.

Kuhusu kurusha darasa, basi, jibu langu ni hapana. Mtoto wa miaka mitano anayeelewa kama wa miaka saba bado ana vidole, usingizi na machozi ya mtoto wa miaka mitano. Hana sababu ya kukimbizwa. Apewe mambo mengi zaidi ya kuelewa, palepale alipo. Na nawaomba sana, msimtafutie tuisheni likizo hii.

Mkae naye mnapofanya kazi zenu, na kazi iende pamoja na maneno. Tuseme leo ni maharage ya nazi. Mtoto yuko pembeni ya mbuzi, mnakuna. Mwambieni: hiki ni kifuu, haya ni machicha, hili tui la kwanza tunaliweka kando kwa sababu ni zito, tunaanza na tui la pili, maharage yakishakolea ndipo tunatia lile zito, huku tunakoroga lisikatike. Kesho yake awasimulie yeye: tulianza na nini, kikafuata nini, na kwa nini tui la kwanza lilikuja mwisho? Hapo amesikia na kutumia kabla, kisha, ndipo, kwa sababu, na maneno hayohayo ndiyo yanayowaangusha watoto wakubwa kwenye maswali ya mtihani, hata wale wanaojua somo lenyewe. Wasiopika nao wanayo ya kusema. Fundi pikipiki anayo, fundi cherehani anayo, muuza machungwa anayepanga makubwa huku na madogo kule anayo.

Mtoto akiuliza “kwa nini”, mjibuni. Najua mnarudi mmechoka, na wengine mnarudi usiku. “Nitakujibu tukila” ni jibu zuri, mradi wakati wa kula ukifika mumjibu kweli. Na mkitaka habari za shule, acheni kuuliza “Leo umejifunza nini?” kwa sababu jibu lake ni “Hakuna.” Ulizeni nani alicheka sana leo, na alichekeshwa na nini. Kisha mngojeni. Mngojeni hata akihangaika kutafuta neno ambalo ninyi mnalijua.

Akikosea, msimcheke wala msimkatize. Akisema “kitabu yangu kimepotea”, mwambieni, “Kitabu chako kimepotea? Ulikiacha wapi?” Amesikia usahihi, na mazungumzo yanaendelea. Mtoto anayesahihishwa kila sentensi hujifunza kunyamaza, na walimu hukaa naye muhula mzima kumrudisha.

Wengi wenu mtawapeleka watoto kwa bibi na babu, Lushoto, Handeni au vijijini hapa jirani. Mmekuwa mkiniuliza kama Kisambaa, Kizigua au Kibondei kitamharibia Kiswahili. Hakitamharibia. Watoto hukua na lugha mbili au tatu bila madhara, na hadithi aliyoielewa kwa lugha ya bibi anakuja kuisimulia darasani kwa Kiswahili. Kinachonisikitisha mimi ni mzazi mwenye Kiswahili kizuri anayekiacha na kuongea na mwanawe Kiingereza cha maneno machache. Mtoto aliyeweza kuelezwa habari nzima ya mafuriko ya mto anaishia kuambiwa njoo, kula, lala. Kiingereza atakisoma shuleni. Nyumbani mpeni lugha mnayoimudu kwa kina.

Jioni tegeni vitendawili. “Kuku wangu katagia miibani.” Akijibu nanasi, msiishie kupiga makofi. Mwulizeni miiba ni ipi na yai ni lipi, kisha mwambieni atunge cha kwake, hata kikiwa kibovu. Kama vitabu hamna, someni naye maandishi ya kwenye mfuko wa unga, bango la duka, gazeti lililofungiwa vitumbua.

Simu nayo ina nafasi yake, lakini haimngoji mtoto ajibu. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini, na pungufu ya hapo ni bora. Ikiwezekana katuni aitazame pamoja nanyi, mkiulizana kinachotokea.

Jambo la mwisho ni la afya, na ni zito. Mtoto anayetokwa usaha masikioni, anayesogea karibu sana na redio, au anayeitwa mara tatu bila kugeuka asiadhibiwe kwa ukaidi. Mpelekeni zahanati likizo hii. Mtoto asiyesikia vizuri hawezi kuelewa vizuri, na masikio mengi yanatibika yakiwahiwa.

Tarehe ya kufungua imeandikwa nyuma ya ripoti. Tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, kama UNESCO ilivyotangaza mwaka 2021, na kwa kuwa siku yenyewe ni mapumziko ya Sabasaba, sisi tutaiadhimisha siku ya masomo iliyo karibu nayo. Kila mtoto wa madarasa haya matatu aje na hadithi moja aliyosimuliwa na mtu mzima wa nyumbani kwake. Isiandikwe, ataisimulia mwenyewe. Mzazi au mlezi atakayeweza kufika kusimulia ya kwake mbele ya darasa atoe jina kwa mwalimu wa darasa siku ya kufungua. Akina baba, majina yenu huwa machache kwenye orodha hii, na watoto huwaulizia.

Wenu katika malezi,

Mwalimu Mkuu