Kava la kochi la kujilaza lipimwe kochi likiwa limelala

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme jambo ambalo huenda likaonekana dogo mbele ya habari nzito zinazojaza kurasa nyingine, lakini ambalo limenigharimu makava mawili na uvumilivu mwingi. Nazungumzia kava la kulinda kochi la kujilaza, yaani lile kochi la mtu mmoja ambalo ukivuta wenzo ulio ubavuni, mgongo wake hulala nyuma na kiegemeo cha miguu huchomoza mbele. Kochi la aina hii ni mtambo uliovishwa kitambaa, na kwa sababu hiyo kava lake halina budi kuchaguliwa kochi likiwa limefunguliwa hadi mwisho, si likiwa wima kama linavyopigwa picha kwenye pakiti.

Kochi langu ninalo mwaka wa 12 sasa. Sponji yake bado inasukuma, bawaba hazilii, na mgongo unalala bila kukwama. Kilichochoka ni kitambaa: mkono wa kulia umeng'aa mahali kiganja kinapokaa kila jioni, na pale kichwa kinapoegemea pameingia mafuta ya nywele ambayo hakuna sabuni iliyoyatoa. Nikaona nilinde kilichobaki kabla hakijafika pabaya. Nikanunua kava la kipande kimoja, la kitambaa cha kuvutika, lililoandikwa kwa herufi kubwa kwamba linafaa kochi lolote.

Kwa dakika tano lilionekana kana kwamba lilishonewa papo hapo. Kisha nikaketi, nikavuta wenzo. Kitambaa kilikaza chini ya mapaja kama ngozi ya ngoma, pindo la nyuma likapanda juu ya mgongo wa kochi na kunishukia kisogoni, na niliposukuma kiegemeo kwa visigino ili kirudi ndani, nikasikia mlio mfupi wa kuchanika. Pindo la mbele lilikuwa limeingia katikati ya vyuma vinavyopishana kama mkasi, vile vinavyosukuma kiegemeo cha miguu, nalo likatoka na tundu la kupitisha vidole vitatu pamoja na alama nyeusi ya grisi.

Kava la pili nililichagua kubwa zaidi, nikidhani tatizo ni udogo. Safari hii kitambaa kilibaki kingi, kikalegea kama kanzu ya kuazima, na kila nilipoinuka nililazimika kukichomeka upya katika ule ufa ulio kati ya kikalio na mgongo. Mtu mmoja akanishauri niviringishe magazeti nikayapachike ufani ili yabane kitambaa. Naomba radhi, Mhariri, kwa kuwa toleo lako moja lilitumika kwa kazi hiyo. Ushauri huo ni mzuri kwa kochi la kawaida, ambalo ufa wake hautikisiki, lakini katika kochi la kujilaza ufa hupanuka na kujibana kila mgongo unapoinuka au kulala. Gazeti lilitumbukia chini siku ya pili, nikalitoa likiwa limekunjamana kando ya springi.

Hapo ndipo nilipochukua tepu ya fundi cherehani nikafanya kile ambacho ningepaswa kukifanya mwanzo. Nilipima kutoka ukingo wa juu wa mgongo, nikateremka hadi ufani, nikapita juu ya kikalio, nikaishia kwenye ncha ya chini ya kiegemeo cha miguu, kwanza kochi likiwa wima na kisha likiwa limelala. Tofauti ilikuwa sentimita 19. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo hutokea pale mbele, kwa sababu kiegemeo kinapochomoza huacha pengo kati yake na kikalio, na pengo hilo halionekani kabisa kochi likiwa limefungwa. Ubavuni hali ni nyingine tena: mikono haisogei hata kidogo wakati mgongo unarudi nyuma, kwa hiyo kava la kipande kimoja huvutwa huku na huku na sehemu zinazokwenda njia tofauti. Hakuna kitambaa, hata kiwe cha kuvutika namna gani, kinachoweza kutii mabwana watatu kwa mara moja.

Historia ya kiti chenyewe inaonyesha jambo hilo hilo. Edward Knabusch na Edwin Shoemaker, binamu wawili wa mji wa Monroe katika jimbo la Michigan nchini Marekani, walitengeneza kiti chao cha kujilaza mwaka 1928 kikiwa cha vibao vya mbao vitupu, cha kuwekwa barazani. Kuvishwa kitambaa kulikuja baadaye, ili kiti kitumike ndani ya nyumba mwaka mzima. Mtambo ulitangulia, nguo ikafuata. Wanaotuuzia makava leo wanaanza na nguo, na mtambo wanauacha mnunuzi akutane nao mwenyewe nyumbani.

Kwa uzoefu wangu, kava linalostahimili ni lile la vipande vinne: kimoja cha mgongo, kimoja cha kikalio kinachoendelea hadi kwenye kiegemeo cha miguu, na viwili vya mikono. Kila kipande kinasogea na sehemu yake, na panapotokea doa unafua kipande kimoja bila kulivua kochi lote. Ni kweli kwamba kukivisha kila kipande kunachukua muda, na mara ya kwanza nilivisha cha mkono wa kulia kushoto, lakini ukishakivisha kimekaa. Anayependa kipande kimoja ahakikishe walau kuwa kina mfuko wake wa kuvika kiegemeo cha miguu, wenye lastiki pande zote, maana kitambaa kinachoning'inia tu mbele ya kiegemeo ndicho kinacholiwa na vyuma.

Wenzo nao unasahauliwa sana. Kwa makochi mengi uko ubavuni upande wa kulia wa aliyeketi. Kwa mengine ni kipete au utepe uliofichwa kati ya kikalio na mkono. Na kwa yale ya umeme ni vitufe vilivyopachikwa mkononi. Kava lisilo na mpasuo mahali panapohusika litakulazimisha upapase chini ya kitambaa kila unapotaka kujinyoosha, na mwisho wake utalikata kwa mkasi kama nilivyolikata langu. Mpasuo unaofaa ni ule uliokunjwa na kushonwa kingo zake, vinginevyo nyuzi zitaanza kufumuka baada ya kufuliwa mara mbili tatu.

Sasa nije kwenye kitambaa, ambapo watu wengi huanza na kuishia kwenye rangi. Uwezo wa kuvutika unatokana na uzi wa spandeksi, uliobuniwa mwaka 1958 na mkemia Joseph Shivers katika kampuni ya DuPont nchini Marekani, na ambao huchanganywa kwa kiasi kidogo tu na poliesta au pamba. Kuvutika peke yake si sifa. Sifa ni kurudi. Shika kitambaa kwa mikono miwili, kivute kwa nguvu, kiache, kisha utazame kama kinarudi kipimo chake papo hapo au kinabaki na uvimbe kama magoti ya suruali kuukuu. Ukiwa bado umekivuta, kiweke juu ya kitu cheusi. Kitambaa kinapovutika nyuzi huachana, na kava la rangi ya maziwa lililoonekana zito mkononi litaonyesha maua yote ya kochi lililo chini yake.

Kwa uimara, kipimo kinachotumika sana katika vitambaa vya samani ni cha Martindale, ambapo kipande cha kitambaa husuguliwa mizunguko maelfu kwa maelfu mpaka kionyeshe kuchakaa. Kwa samani za nyumbani zinazokaliwa kila siku, mizunguko kati ya 15,000 na 25,000 ni kiwango cha kawaida. Makava mengi hayaandikwi namba hiyo kabisa, ilhali kitambaa kinachouzwa kwa mita kwa ajili ya makochi kwa kawaida huwa nayo. Mwenye paka aepuke ufumaji wenye vitanzi vinavyojitokeza, kwa sababu kucha moja ikinasa huvuta uzi mrefu. Mahameli fupi iliyobanana haimpi paka pa kushika.

Pamba tupu ni nzuri kwa mwili na haina joto, lakini hunywea. Ukipeleka kitambaa cha pamba kwa fundi, kifue na kukikausha kwanza kwa namna ile ile utakayokuwa ukikifua baadaye, ndipo kikatwe. Kitambaa cha mita tatu kikipungua kwa asilimia 5 kimekuibia sentimita 15, na hizo zinakaribia tofauti yote niliyoipima kochi lilipolala.

Neno la kuzuia maji lataka tahadhari. Kinachozuia maji katika makava mengi ni utando mwembamba wa plastiki laini uliobandikwa upande wa chini, mara nyingi kwenye kikalio peke yake, na kila tundu la sindano katika mshono ni mlango mdogo wa maji kupita. Utando huo unazuia pia hewa, kwa hiyo aketiye kwa saa nyingi hutokwa na jasho. Kwa nyumba yenye mtoto mdogo au mgonjwa ningekubali usumbufu huo bila kusita. Kwa mtu mzima anayesoma gazeti lake, kitambaa kinachofulika kwa urahisi kinatosha. Yale makava ya plastiki angavu, yanayolia kila ukijigeuza na kunata kwenye ngozi ya mikono, siyahesabu kabisa, kwa kuwa yanalilinda kochi kwa kumfukuza mwenye kochi.

Kwa kochi la ngozi shida ni utelezi. Makava ya kukabiliana nao huwekewa vitone vya mpira upande wa chini, navyo vinasaidia, ila mpira ukikaa muda mrefu juu ya ngozi, hasa penye joto, unaweza kunata au kuacha alama. Ni vyema kulivua kava mara kwa mara na kuipangusa ngozi. Vilevile kava jipya la rangi iliyokolea, kama nyeusi au nyekundu, lifuliwe peke yake kwanza na lisuguliwe kwa kitambaa cheupe kilicholowa, kwani likichuja juu ya ngozi ya rangi nyepesi doa halitatoka, na kinga itakuwa imeharibu kile ilichonunuliwa kukilinda.

Kufua si jambo la kulizungumza sana: maji ya nyuzijoto 30, bila dawa ya klorini, na kukausha kivulini. Joto kali na klorini huua spandeksi, na kava lililokufa spandeksi ni shuka.

La usalama nisiliache. Kamba na vifungo vya chini vifungwe kwenye fremu isiyosogea, visifungwe kamwe kwenye vyuma vya kiegemeo, na ncha zilizobaki zikatwe au zichomekwe. Baada ya kulivisha, mtu apige magoti pembeni na kutazama chini ya kochi wakati mwingine akilifungua na kulifunga polepole. Kava lenye pindo refu hadi sakafuni huficha pia mtoto au mnyama aliyejipenyeza humo, na hiyo ni sababu tosha ya kuchagua pindo fupi. Kochi la umeme lichomolewe kwanza kwenye soketi kabla ya kuanza kupitisha kamba huko chini.

Ombi langu kwa watengenezaji na wauzaji ni jepesi. Waache kuandika kwamba kava linafaa kochi lolote, na badala yake waandike kwa sentimita upana wa mgongo, kina cha kikalio, urefu wa mikono, na urefu wote kutoka juu ya mgongo hadi ncha ya kiegemeo cha miguu kochi likiwa limefunguliwa. Waseme pia mpasuo wa wenzo uko upande gani, na waonyeshe walau picha moja ya kochi likiwa limelala. Kama hawawezi kufanya hivyo, wampe mnunuzi haki ya kulirudisha kava baada ya kulijaribu, maana nilipolirudisha lile la kwanza niliambiwa kwamba limechanika, jambo ambalo ndilo lililonipeleka pale.

Mimi hatimaye nilikwenda kwa fundi cherehani na karatasi ya vipimo, akanishonea vipande vinne vya mahameli ya kijivu. Kochi linalala na kuinuka bila kitambaa kuhama. Kipande cha mkono wa kushoto tu ndicho kilichopungua sentimita mbili, na hapo fundi hana kosa, kwa sababu mimi ndiye niliyepima mkono wa kulia peke yake nikidhani vipimo vya kushoto ni vile vile.

Wako,
Msomaji wa siku nyingi