Barua kwa mwanangu: usithibitishe chuo kabla hujajumlisha

Asalaam aleikum mwanangu,

Shangazi yako alinipigia jana usiku kunipa habari kwamba umechaguliwa vyuo viwili, Mkwawa kule Iringa na Stella Maris hapo hapo Mtwara. Nilifurahi mpaka chakula kikanishinda. Ila akaongeza kuwa unataka kuthibitisha Mkwawa leo leo kwa sababu ada yake ni ndogo. Subiri, mama. Ile namba ya siri ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ya kuthibitishia chuo, usiijaze kabla hujajumlisha gharama zote.

Ada ni ndogo kweli, sikatai. Chuo cha serikali kama Mkwawa ualimu unasomwa kwa milioni moja na ushei, cha binafsi kama Stella Maris kinazidi hapo. Lakini ada siyo gharama yote. Fungua maelekezo ya kujiunga ya kila chuo, zile kurasa mnazoziruka, ushuke mpaka chini: usajili, kitambulisho, mitihani, serikali ya wanafunzi, fedha ya tahadhari, bima ya afya 50,400, na ile ya TCU ya uhakiki wa ubora 20,000. Ziandike kwenye daftari safu mbili, Iringa huku, Mtwara huku. Kisha tia chumba. Ukikosa hosteli ya chuo Iringa utapanga mtaani, na wenye nyumba wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo. Mtwara kwa shangazi unalala bure na sahani yako ipo. Tia na nauli: Newala, Masasi, Tunduru, Songea, Makambako, ndipo Iringa, kwenda na kurudi kila likizo. Na sweta, na blanketi zito, maana kule baridi inauma. Ukishamaliza ndipo uniambie kipi cha bei nafuu.

Sikukatazi Iringa. Wewe ndiye wa kwanza kwenye ukoo wa bibi yako kufika chuo kikuu, na mjomba wako ameshatangaza msikitini. Ila una haraka, mwanangu, na haraka yako naijua. Cheti cha kuzaliwa ulikwenda kukihakiki RITA, wale wa vizazi na vifo, dirisha la kuomba mkopo likiwa linakaribia kufungwa, mimi huku roho juu. Hili usilifanye vile.

Na hilo mnaloliita bumu, pesa ya mkopo wa wanafunzi, usilitegemee kwa kila kitu. Bodi ya Mikopo wakikupangia chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, lakini ada wanaweza kukulipia sehemu tu, na inayobaki inanitazama mimi. Tena ni deni. Ukiajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka liishe.

Pesa yangu unajua inatoka wapi. Vyuo vinafunguliwa Oktoba au Novemba, na minada ya korosho nayo ndiyo inaanza Oktoba. Mpaka mzigo uuzwe na malipo yaingie benki, wewe umeshakwama kwenye usajili. Na mikorosho mwaka huu dawa ya salfa tuliipiga kidogo, baba yako alisema itatosha, nami sikubishana naye. Kwa hiyo viulize vyuo vyote viwili: ada inalipwa kwa awamu ngapi, na awamu ya kwanza ni shilingi ngapi? Chuo ambacho awamu yake ya kwanza tunaimudu kabla ya korosho ndicho utakachosoma bila kurudishwa nyumbani. Hilo waulize leo.

Bati la jikoni limetoboka tena, fundi anakuja Ijumaa. Mdogo wako amekua ghafla, sare ya mwaka jana haimwingii, basi ile sketi yako ya Fomu Foo usimpe mtu, irudishe. Makopa ya muhogo nimempa kondakta wa basi la asubuhi, mfuko wa bluu, ukayapokee stendi. Nusu ni ya shangazi, usimpunje. Zile safu mbili zipige picha uzitume kwenye simu ya mjomba nizione, kisha tuzungumze. Usijaze namba kabla ya hapo.

Mama yako