Kwako uliyeuliza kama umeharibika

Rafiki yangu,

Salamu nyingi. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kalamu ikiwa mkononi, kwa sababu umefunga maswali matatu katika kitita kimoja. Kwamba mbele ya simu mambo yanakwenda, lakini ukiwa na mkeo jogoo hapandi mtungi. Kwamba umejaribu kuacha video za ngono mara nyingi ukashindwa. Na kwamba, kwa hiyo, wewe si mwanamume kamili. Acha nikifungue kitita.

Kwanza uulize mwili wenyewe. Ukiamka alfajiri, uume umesimama? Mwanamume mwenye afya husimamisha usingizini mara 3 hadi 5 kwa usiku, hasa katika vipindi vya ndoto, hata kama haoti ngono. Ikiwa asubuhi nyingi unaamka nao ukiwa imara, na ukijichua peke yako unasimama, basi mishipa ya damu na neva zinafanya kazi. Tatizo litafutwe kwenye mazoea, hofu au uhusiano. Ikiwa hata alfajiri kumekuwa kimya kwa miezi, nenda hospitali, na usiende kuomba dawa ya nguvu za kiume. Omba upimwe presha, sukari, lehemu (kolesteroli) na testosteroni, yaani homoni ya kiume (hii damu yake huchukuliwa asubuhi). Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo ikianza kuziba dalili huonekana huku chini mapema, wakati mwingine miaka kadhaa kabla ya moyo kulalamika. Sigara, pombe nyingi, baadhi ya dawa za presha na za sonona nazo huulegeza. Ukiwa kwenye dawa, usiiache kimyakimya; mwambie daktari akutafutie nyingine.

Na zile poda na vidonge visivyo na lebo ya kueleweka, viache. Mara nyingi vinavyoitwa vya mitishamba vimekutwa na sildenafili, ile dawa ya kusimamisha uume inayojulikana kama Viagra, iliyofichwa, bila kipimo. Sildenafili ni dawa halali tangu 1998, lakini ikikutana na dawa za nitreti wanazopewa wenye maumivu ya moyo, presha huporomoka kiasi cha kuua.

Sasa sikiliza jinsi kusimama kunavyotokea, maana hapa ndipo fumbo lako lilipo. Ndani ya uume kuna mirija miwili yenye nyama mfano wa sifongo. Ukivutiwa na ukatulia, neva hutoa gesi iitwayo oksidi ya nitriki, misuli laini ya mishipa inalegea, damu inaingia kwa wingi, na sifongo ikijaa inaibana mishipa ya kutolea damu. Kila kitu kinaanza na kulegea. Hofu hufanya kinyume: humwaga adrenalini, na adrenalini huikaza ile mishipa. Kwa hiyo mtu anayepanda kitandani kama anaingia chumba cha mtihani, jicho moja kwa mkewe na jingine kwenye uume wake, anaufunga mlango uleule anaousukuma. Tumelelewa kudhani rijali ni mwenye kukaza: kaza moyo, kaza meno. Kwa kazi hii ushauri huo ni mbaya.

Mbele ya simu hofu haipo. Video haikutazami na haikusubiri. Tena kidole kimoja kinaleta sura mpya kila sekunde kumi, na ubongo hupenda kipya. Ongeza mkono wako mwenyewe: unabana kuliko uke wowote uwezavyo kubana, na unakwenda mbio kwa sababu unajificha. Ukirudia miaka, mwili unajifunza kwamba ishara ya kuanza ni skrini, mbano na haraka. Niwe mkweli hapa: wataalamu hawajakubaliana kwamba video zenyewe ndizo chanzo cha uume kulegea, na anayekuambia ubongo wako umeoza anakuuzia kitu. Ila mtu aliyejizoeza namna moja tu kushindwa kwa namna nyingine, hilo halihitaji ubishi.

Fanya hivi. Kwa wiki 4 hadi 6 weka video pembeni kabisa. (Zile siku 90 zinazohubiriwa mitandaoni hazikutoka kwenye utafiti wa kitabibu; chagua muda unaoweza kuuona mwisho wake.) Sikukatazi kujichua, ila badilisha namna: bila picha, mkono uliolegea, mafuta laini, dakika 15 angalau. Ukikaribia kumaliza acha, pumua, uume ushuke kidogo, kisha endelea. Kuushusha kwa makusudi na kuurudisha mara 2 au 3 kunaufundisha ubongo kwamba kushuka si msiba. Siku za mwanzo unaweza kujiona huna hamu kabisa. Wengi hushtuka hapo wakafungua video “kujipima tu”, na kipimo hicho ndicho kinachowarudisha mwanzo.

Kwa upande wa mkeo, kuna zoezi lililoenezwa na Masters na Johnson, watafiti wa ngono wa Marekani, kuanzia mwaka 1970, na matabibu wa ndoa bado wanalitumia. Mnakubaliana waziwazi kwamba kwa muda fulani hakuna kuingiliana. Mara 2 au 3 kwa wiki mnatenga dakika 30, simu nje ya chumba. Wiki ya kwanza mnapapasana kwa zamu mwili mzima isipokuwa matiti na sehemu za siri, anayepapasa akizingatia joto na ulaini wa ngozi, anayepapaswa akisema tu panapomkera. Hatua ya pili sehemu zote zinaruhusiwa, bila lengo la kufika kileleni. Ya tatu, uume ukisimama mnauacha ulale, kisha mnaendelea. Ya nne ni kuingia na kutulia, bila kusukuma, mkeo akiwa juu ili yeye ashike usukani. Msisogee hatua mpaka ile mliyopo imekuwa ya kustarehe, hata ikichukua wiki tatu.

Zoezi hili huharibika mahali pamoja, karibu kila mara. Siku ya tatu au ya nne uume unasimama vizuri, mwanamume anasema “tuwahi kabla haujalala”, na kwa kuwahi anarudisha mtihani uliokuwa umefutwa. Usiwahi. Mkeo naye ajue mapema, la sivyo marufuku hiyo ataisoma kuwa humtaki.

Ndiyo, itabidi umwambie. Chagua mchana, mkiwa mmevaa, si dakika tano baada ya kushindwa. Maneno machache yanatosha: nimekuwa nikitazama video za ngono, zimenizoesha vibaya, si kwamba wewe hunivutii, na nimeanza kufanya kadha wa kadha. Mwambie ukweli wa jambo na ukubwa wake, lakini usimsimulie ulichokiona. Picha hizo zitabaki kichwani mwake. Akikasirika, usimfanye aanze kukubembeleza wewe.

Swali la pili, kama wewe ni mraibu. Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa 2019 na kuanza kutumika Januari 2022, limeutaja ugonjwa wa kushindwa kuzuia mwenendo wa ngono. Limeuweka kwenye fungu la kushindwa kudhibiti misukumo, si kwenye uraibu. Kipimo chake: kwa muda mrefu, kama miezi 6 au zaidi, tendo limekuwa kitovu cha maisha kiasi cha kuacha afya na majukumu, umejaribu mara nyingi kulipunguza ukashindwa, unaendelea hata linapokuumiza au lisipokupa raha tena. Na wameandika wazi kwamba dhiki inayotokana tu na kuona tendo ni ovu haitoshi kuitwa ugonjwa. Kwa hiyo jiulize kuhusu usingizi, kazi, pesa na ndoa. Kama unatazama hadi saa nane za usiku na kazini unasinzia, tafuta mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili. Kama ni nusu saa kwa wiki na aibu ya siku sita, mzigo mkubwa ni hiyo aibu, na aibu ina tabia ya kukurudisha palepale ulipoikimbia.

Kabla ya kuacha, chukua daftari siku 14. Kila hamu ikija andika saa, mahali, na kilichotangulia: ugomvi, upweke, kukosa usingizi, uchovu wa kazi, au kukaa bila shughuli. Usijikataze bado, andika tu. Watu wengi hugundua kwamba hamu ya ngono yenyewe ni sehemu ndogo, kubwa ni kutafuta cha kutuliza kichwa. Mwenye usingizi mbovu atahangaika na kuzuia simu wakati anahitaji kulala.

Kisha pafanye pawe pagumu. Simu ichajiwe nje ya chumba cha kulala na ununue saa ya kengele. Futa ulichohifadhi na akaunti unazofuata, maana nusu ya safari huanza kwa picha isiyo hata ya uchi. Weka kichujio kwenye ruta na kwenye simu, nywila yake ashike mtu mwingine. Mjanja atakipita, lakini dakika mbili za kuhangaika mara nyingi zinatosha. Hamu yenyewe ni kama wimbi: hupanda, hufika juu, hushuka, mara nyingi ndani ya nusu saa, usipoilisha. Inuka, toka chumbani, fanya kitu cha mikono yote miwili. Kukaa kitandani ukishindana nayo ni kuitazama kwa karibu.

Ukiteleza, jihadhari na ile sauti ya “maadamu nimeshaanguka, leo nimalize”. Hiyo ndiyo inayogeuza dakika kumi kuwa wiki mbili. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi: andika kwenye daftari kilichotangulia, rekebisha kitu kimoja, lala. Kwa sababu hiyo sipendi hesabu ya siku mfululizo. Hesabu mara kwa mwezi. Aliyetoka mara 20 akafika 3 amefanya kazi kubwa, hata kama kwa kalenda ya siku mfululizo yuko siku ya kwanza.

La tatu, uanaume wako. Umejipima kwa waigizaji wa video waliochaguliwa kwa maumbile yao, baadhi wakitumia sindano na vidonge vya kusimamisha, na ambao kila kushindwa kwao kumekatwa na mhariri. Vipimo vya kweli ni hivi. Mapitio ya mwaka 2015 yaliyojumlisha wanaume zaidi ya 15,000 waliopimwa na wahudumu wa afya yalipata wastani wa sentimita 13.12 uume ukiwa umesimama. Utafiti wa mwaka 2005 uliozipa jozi 500 za wapenzi wa nchi tano saa ya kuhesabia, tangu kuingia hadi kumwaga, ulipata dakika 5.4 kuwa ndiyo ya katikati. Kwa wanawake, uchunguzi wa Marekani wa 2017 ulikuta kama 18 tu kati ya 100 wanaosema kuingiliwa peke yake kunawafikisha. Walio wengi wanahitaji kinembe kishughulikiwe, au angalau kinawaongezea raha. Yaani dakika 40 unazojidai nazo kwenye ndoto huenda zingemkera tu. Mkono na ulimi havihitaji kusimama.

Na kama video zimekuzoesha kumkaba mtu shingo, liondoe hilo kabisa, hata kwa ridhaa yake. Hakuna njia salama ya kubana mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo.

Anza na daftari kesho, si Jumatatu. Baada ya siku 14 niandikie, na juu kabisa ya barua uniambie habari za alfajiri: kati ya asubuhi hizo 14, ni ngapi uliamka uume ukiwa umesimama. Nikishaijua hiyo, nitakuambia kama uanze na daktari au na mkeo.

Rafiki yako