Jua la Dodoma halijaongezeka, joto ndilo limekosa pa kutokea

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nitoe dukuduku langu. Ni msomaji wenu wa miaka mingi, na kwa miaka yote hiyo nimeona mambo ya hali ya hewa yakiandikwa ndivyo sivyo nikanyamaza. Safari hii nimeshindwa. Ni ile habari yenu ya joto la Dodoma, iliyokuwa ukurasa wa tatu na picha ya mama aliyejitanda khanga kichwani pale soko la Majengo. Mwandishi alieleza kwamba hewa ukaa imetoboa tabaka la ozoni, gesi ya juu angani inayochuja mionzi mikali ya jua, na jua sasa linapita bila kizuizi, ndiyo maana mji unaungua. Hakuna hata kipande kimoja cha maelezo hayo kilicho sahihi, na yameshafika darasani.

Mjukuu wangu yuko darasa la sita. Kwenye jaribio la Sayansi na Teknolojia waliulizwa kwa nini joto la dunia linaongezeka. Akaandika kwamba ardhi ikipigwa na jua hupata joto, halafu hulitoa kulirudisha juu, na hewa ukaa hulizuia lisitoke lote. Mwalimu akamkosesha kwa wino mwekundu, na pembeni akaandika "tundu la ozoni". Mtoto alirudi amevimba uso: "Bibi, si wewe uliyeniambia?" Nikaenda shuleni. Mwalimu ni kijana mwenye adabu zake, aliniamkia, akanivutia kiti, kisha akafungua droo na kutoa habari yenu, imekatwa vizuri kwa mkasi na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. "Mama, vitabu hapa havitoshi, tunafundishia na magazeti. Na gazeti limeandika hivi." Huyo kijana simlaumu. Lawama naileta kwenu.

Mimi nilikuwa mwangalizi wa hali ya hewa mpaka nilipostaafu, kwa hiyo sisemi ya kuambiwa. Kila alfajiri tulisoma vipimajoto viwili vya usiku. Kimoja kilikaa ndani ya kile kibanda cheupe cha mbao chenye mianya, usawa wa kifua cha mtu. Kingine kililazwa nje, juu ya majani mafupi, hakina chochote juu yake ila anga. Mwezi wa Juni na Julai, usiku ambao hakuna wingu na nyota zimejaa, kile cha majanini kilisoma nyuzi kadhaa chini ya kile cha kibandani. Ukija usiku wa mawingu mazito, viwili hivyo vinakaribiana mpaka unainama kusoma tena. Usiku hakuna jua, Mhariri. Kilichobadilika ni kiasi cha joto ambacho ardhi inalitoa likaenda zake, na kiasi kinachorudishwa chini na vilivyo juu yetu. Mawingu hurudisha, mvuke hurudisha. Anga kavu ya Dodoma hurudisha kidogo, na hiyo ni sababu kubwa ya watu wa mji ulio nyuzi sita tu kusini mwa ikweta kutafuta makoti alfajiri ya Julai.

Hewa ukaa inafanya kazi hiyohiyo, usiku na mchana, bila kuonekana. Nguvu ya jua inatufikia kwa sehemu kubwa kama mwanga, na mwanga unapita katika hewa ukaa bila kusumbuliwa. Lakini ardhi, bati na mawe ya Ntyuka vikishapata joto hulitoa kwa mionzi ambayo jicho haliioni, na hiyo ndiyo hewa ukaa inayoifyonza na kuitoa upya pande zote, nyingine juu, nyingine kutushukia sisi. Naitrojeni na oksijeni, ambazo pamoja ni kama asilimia 99 ya hewa kavu, karibu haziigusi kabisa. Kazi inafanywa na gesi chache: mvuke, hewa ukaa, methani na nyingine kidogo. Bila hizo wastani wa joto la dunia ungekuwa kama nyuzi 18 chini ya sifuri, badala ya kama nyuzi 15 juu ya sifuri, na uwele usingeota Dodoma wala popote. Shida yetu ni kuziongeza. Kabla ya viwanda kuanza kuchoma makaa ya mawe, katika kila sehemu milioni za hewa, hewa ukaa ilikuwa kama 280. Mwanasayansi wa Marekani, Charles Keeling, alipoanza kuipima kwenye mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958 ilikuwa imefika kama 315. Leo imepita 420.

Mwandishi wenu kama hesabu hiyo imemchanganya, atazame simtanki lolote lenye bomba la kuingiza maji juu na la kutoa chini. Abane kidogo la chini, la juu asiliguse. Maji yatapanda, na yataendelea kupanda mpaka kina chake kiyasukume yatoke kwa kasi ileile yanayoingilia. Dunia nayo haina njia nyingine ya kusawazisha: inapanda joto mpaka linalotoka lilingane na linaloingia. Sisi tunazidi kubana kila mwaka, kwa hiyo usawa haufikiwi. Na tunachokisikia huku nchi kavu ni sehemu ndogo tu, maana karibu asilimia 90 ya joto hilo la ziada limeingia baharini.

Sasa ozoni. Ozoni ni kesi nyingine kabisa, na inaniuma kuona kesi mbili zinahukumiwa kwa faili moja. Tundu lile liko juu ya Antaktika, mbali sana na sisi. Lilitangazwa mwaka 1985, na waliolisababisha ni kemikali zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kupulizia, si hewa ukaa. Mwaka 1987 nchi zilikubaliana Montreal kuziondoa, na tabaka limeanza kupona. Kinachopita hapo kwa wingi ni mionzi ya urujuanimno, inayodhuru ngozi na macho. Haielezi hata kidogo kwa nini usiku wa Dodoma una joto. Kama jua ndilo limezidi, satelaiti zinazolipima tangu mwaka 1978 zingeona, na hazijaona ongezeko. Kama jua ndilo limezidi, stratosfia, tabaka la hewa lililo juu ya hili letu lenye mawingu, nayo ingepata joto. Lakini huko juu kunapoa wakati huku chini kunapata joto, na sehemu nyingi za dunia usiku umeongezeka joto kuliko mchana. Hiyo ni alama ya joto lililozuiwa kutoka, na yeyote aliyewahi kusoma kipimajoto cha majanini anaijua. Wala si elimu ya jana. Eunice Foote, mwanamke wa Marekani, aliweka hewa ukaa kwenye kioo juani mwaka 1856 akaona inapata joto kuliko hewa ya kawaida. John Tyndall akapima mwaka 1859 jinsi gesi hizi zinavyofyonza joto. Svante Arrhenius akapiga hesabu mwaka 1896 ya dunia itakavyopata joto hewa ukaa ikiongezeka. Yote hayo kabla reli haijafika Dodoma. Gazeti la leo halina kisingizio.

Kosa hili lina mtu linayemuumiza. Habari yenu ilimalizia na gunia la mkaa kando ya barabara ya Chamwino, kana kwamba mama aliyeketi pale ndiye aliyetoboa anga. Afrika nzima inatoa chini ya asilimia 4 ya hewa ukaa inayotokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mkaa una madhara yake: unakata vivuli, unaacha udongo wazi ukaoshwa na mvua, na mti ukichomwa hewa ukaa yake inarudi hewani. Yaandikeni hayo, ni ya kweli. Msimbebeshe mama yule mzigo wa mitambo ya umeme ya nchi za mbali.

Na kwa kuwa nimegusa miti, niseme na hili. Kila msimu mnatoa picha za uzinduzi wa upandaji miti, wageni wamevaa fulana mpya, kila mmoja na mche wake. Huku kwetu mvua inakatika Aprili na hairudi mpaka karibu na Desemba. Mche uliopandwa Machi bila mtu wa kuumwagilia unakauka kabla ya Agosti, na usipokauka mbuzi wanaumaliza. Sijawahi kuona mwandishi wenu akirudi mwezi wa Oktoba kuhesabu iliyobaki. Wakati huohuo wapo wakulima wanaopogolea visiki vilivyochipua mashambani mwao, wanachagua machipukizi machache yenye nguvu na kuyatunza, kile wanachokiita kisiki hai. Mizizi iko chini tayari, haihitaji ndoo ya maji. Wazee wa Kondoa walishaona baada ya mifugo kuondolewa chini ya HADO, mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mwaka 1979 jinsi ardhi iliyokuwa makorongo matupu ilivyorudi kuota. Hizo ndizo habari za miti.

Ninachokiomba ni hiki. Masahihisho yatoke ukurasa uleule wa tatu, kwa herufi za ukubwa uleule, yasifichwe chini ya matangazo ya viwanja. Mwandishi aje Dodoma mwezi wa Julai na vipimajoto viwili. Nitamwonyesha pa kuvilaza. Avisome saa 12 asubuhi baada ya usiku mweupe na baada ya usiku wa mawingu, na tarakimu alizoziona yeye mwenyewe zichapwe pamoja na mchoro unaoonyesha mwanga ukiingia na joto likizuiwa kutoka, mkubwa wa kutosha mwalimu kuukata na kuubandika ukutani. Nafasi ikikosekana, iondolewe picha moja ya uzinduzi wa miche wiki hiyo.

Mwangalizi mstaafu wa hali ya hewa,
Miyuji, Dodoma