Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Maktaba Isiyohesabiwa Haitengewi Fungu

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati ilijiuliza swali moja: kwa nini maktaba ndogo za kata hapa Tanga husahauliwa hata pale ambapo viti havitoshi? Jibu letu ni kwamba wasomaji wake hawamo katika karatasi yoyote inayofika halmashauri.

Maktaba ya mkoa ina mwenyewe: Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1963 na kuundwa upya kwa sheria ya mwaka 1975. Chumba cha vitabu cha kata huishi kwa kujitolea na misaada, na kinachohesabiwa pale ni kadi za kuazima tu. Mwanafunzi anayeketi mchana kutwa na daftari lake hana kadi, basi hayumo.

Tuhesabu hivi. Kila robo mwaka, wiki moja kamili, mhudumu apite saa 4 asubuhi, saa 8 mchana na saa 10 jioni akiandika waliomo: watoto, wanafunzi, watu wazima. Vitabu vilivyosomwa viachwe mezani vihesabiwe. Msomaji akivirudisha rafuni mwenyewe, hesabu imepotea. Kitabu kilichoulizwa kikakosekana nacho kiandikwe. Orodha hii naithamini kuliko zote, kwani ndiyo itakayotupa ujasiri wa kukataa maboksi ya vitabu vya kiada vya nje vilivyopitwa na wakati, huku rafu ya 896.392, namba ya fasihi ya Kiswahili katika mpangilio wa vitabu wa Dewey, ina mapengo.

Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, lakini mipango hupangwa miezi mingi kabla. Takwimu zifike kamati ya maendeleo ya kata kabla ya Novemba. Ombi la Machi hukuta mafungu yameshagawanywa. Tuombe kitu kinachotajika: posho ya mhudumu, magazeti, umeme. Ombi la "kuendeleza maktaba" ni rahisi kukatwa.

Unyevu wa pwani nao hufukuza wasomaji. Rafu ikae sentimita 5 kutoka ukutani, ubao wa chini sentimita 15 juu ya sakafu. Kitabu chenye ukungu kitengwe siku hiyohiyo, kikaushwe kivulini penye upepo, kisha kifutwe nje kwa brashi laini. Juani jalada hupinda.

Hesabu ya kwanza ni wiki ya pili ya Agosti. Karatasi zote zije kwa katibu, pamoja na za saa ambazo chumba kilikuwa kitupu. Sifuri nayo iandikwe.

Mwenyekiti