YAH: Laptopu inayokwaruza sauti, na maneno niliyoambiwa kaunta kwenu

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa fundi wenu yeye heshima hakunipa. Laptopu niliyonunua kwenu bado inakwaruza. Masharti ya dhamana mnayajua, sina haja ya kuwasomea.

Fundi alibadilisha spika, akanitoza shilingi 4,500, na kelele ikabaki vile vile: ta, ta-ta, katikati ya ubeti. Niliporudi akanijibu mbele ya wateja, "Mama, kapime masikio." Mimi narekodi kaswida na taarab hapa Kibokoni. Masikio haya ndiyo yanayonilisha.

Na chanzo nilikuwa nimeshakitafuta mwenyewe. Nikivaa hedifoni za USB, ambazo zina kadi yake ya sauti na hazigusi spika zenu, mikwaruzo ipo. Nikiongeza bafa, ile akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa, kutoka sampuli 128 hadi 1,024 mikwaruzo inapungua, lakini kwenye 48,000 Hz, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde, hizo ni milisekunde 21 za kuchelewa, na mwimbaji anajisikia nyuma ya udi. Nikafungua LatencyMon, programu inayoonyesha ni faili gani inayochelewesha sauti kwenye kompyuta: mikwaruzo ikianza, ndis.sys ndiyo inayopanda, nayo ni faili ya Windows ya mambo ya mtandao. Nikazima waifai, kimya. Nikawasha, ta-ta. Draiva ya waifai, ile programu inayoiendesha, inashikilia prosesa kupita kiasi, sauti haifiki kwa wakati wake, na lile pengo ndilo linalolia. Draiva hiyo mliiweka nyinyi mlipopiga Windows upya. Spika zangu zilikosa nini?

Yote haya yalikuwa kwenye karatasi niliyomletea siku ile. Hakuisoma! Aliikunja, akaweka kikombe chake cha chai juu yake, kisha akapaza sauti foleni nzima isikie: "Mama, kapime masikio." Akacheka. Nyuma yangu alisimama kijana niliyemrekodia kaswida zake. Akainamisha macho kwa haya, haya ambayo ilikuwa ya fundi wenu kuiona.

Nilikusudia kudai ile 4,500 na draiva sahihi kutoka kwa mtengenezaji, basi. Lakini kila nikikumbuka kile kicheko naona haitoshi. Nataka laptopu nyingine au pesa zangu zote, na fundi aniombe radhi pale pale kaunta, watu wakiwepo.

Zikipita siku 14 bila jawabu, nakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai ya hadi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka iamue ndani ya siku 60. Nitafika na risiti, ripoti ya LatencyMon na ile karatasi yenye doa la chai, na fidia ya kazi nilizopoteza nitaidai huko huko.

Msinipigie simu. Nijibuni kwa maandishi.

Mteja wenu,
Kibokoni, Mombasa